Maman Cibalonza na Jumanne ya Bwawa Tupu

Leo Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2024, Maman Cibalonza Virginie anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika bwawa la kuogelea la mji, lile la mteremkoni ambalo sote tunaliita piscine. Aliingia Februari 1990 akiwa na ufagio mkononi. Anatoka akiwa mwalimu wa kuogelea, na kwa miaka kumi iliyopita, mwalimu wa pekee.

Wageni wa sherehe hii huenda wakadhani alizaliwa majini. Sivyo. Alizaliwa Luvungi, kwenye tambarare ya Ruzizi, ambako watu wanajua mpunga na jua kuliko mawimbi. Alipoajiriwa kufagia hakujua hata kuelea. Mwalimu wa wakati ule, marehemu Papa Raphaël, alimkuta siku moja saa ya mapumziko ameshika ukingo kwa mikono miwili, nguo zake za kazi mwilini, anapiga miguu. Hakumfukuza. Alimwambia tu, "Mama, achia mukono moja kwanza." Mkono wa pili, Maman Cibalonza husema, ulichukua miezi mitatu.

Nguo zile za kazi ndizo zilizompa wazo lake kubwa, na inafaa nilieleze. Ziwa letu linashuka ghafla. Ukipiga hatua chache kutoka ukingoni, miguu haigusi tena chini. Na wanaolivuka kila wiki si waogeleaji. Ni wamama wauzaji wanaokwenda kisiwa cha Idjwi kutafuta mananasi na maharage, katika boti zilizojaa. Mtu akianguka kutoka botini, haanguki na vazi la kuogelea. Anaanguka na kitenge, na viatu, pengine na mtoto mgongoni. Kwa hiyo, tangu mwaka 2001, kila Alhamisi asubuhi, Maman Cibalonza aliwafundisha wamama hao wakiwa wamevaa vilevile wanavyosafiri: namna ya kufungua fundo la kitenge ndani ya maji, namna ya kulala chali na kuyaachia maji kichwa.

Maman Laurette, muuza maharage wa mtaa wa Kadutu, alikuja somo la kwanza na mfuko wa plastiki kichwani, kwa sababu alikuwa amesukwa juzi yake. Aliapa kwamba hatalowesha hata unywele mmoja, na wenzake wakamwita Sachet, yaani mfuko, mwaka mzima. Mwaka 2016 boti yake ilipinduka. Alilala chali juu ya ziwa hadi wavuvi walipomfikia. Wiki iliyofuata alishuka ngazi za bwawa akiwa na kuku kwapani. "Maji ilinivuta, miye nikalala tu juu yake, vile unatufundishaka," alimwambia mwalimu wake. "Lakini nywele, Maman, nywele iliharibika."

Wasifu wa kawaida ungeendelea na sifa hadi mwisho. Huu hauwezi, kwa sababu mimi ninayeuandika, Grégoire, katibu wa tume ya mabwawa, nimemkosea anayestaafu.

Baraza la mji linapima kama bwawa libaki au uwanja wake uwe maegesho ya magari. Tume yetu, ya washauri wa baraza, ilipaswa kulitembelea Jumatatu tarehe 14 Oktoba. Mshauri mmoja alipata kilio, tukasogeza ziara hadi Jumanne. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea Maman Cibalonza barua ya siku mpya. Niliiandika, nikaipiga muhuri, na ikabaki ndani ya faili langu.

Sasa, mashine ya kuchuja maji ilikufa mwaka 2008. Tangu hapo Maman Cibalonza hutoa maji yote siku ya Jumanne, kila baada ya wiki mbili, husugua saruji kwa brashi na chokaa, kisha hufungulia maji ya chemchemi, ambayo huchukua siku mbili kujaa. Bwawa likiwa tupu, ujue linatunzwa. Mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote ofisini.

Tulimkuta chini kabisa, miguu peku, brashi mkononi. Mshauri mmoja akainama ukingoni: "Maman, unafundishaka kuogelea mu vumbi?" Mwingine akadakia: "Samaki ya hapa ni ya kukausha." Wakacheka. Yeye akainua macho, akasema kwa adabu yake ileile: "Karibuni, ba honorables. Mutoe viatu, huku kunateleza." Wakacheka zaidi.

Neno moja langu lingetosha. Lakini kusema kwamba ni siku ya kuosha kungekuwa kukiri mbele ya watu tisa kwamba barua haikufika, na mimi nimezeeka nikisifiwa kwa kutopoteza karatasi. Nikafungua daftari. Mwenyekiti wa tume akaniambia niandike, nikaandika: "Bwawa halina maji. Halitumiki." Mwandiko ni wangu.

Kesho yake alinijia ofisini. Hakulalamika. "Papa Grégoire," alisema, "kama ningejua wageni wanakuja Jumanne, ningeacha maji. Ningewaonyesha hata bamaman." Kisha akaniomba msamaha, yeye, kwa kuiaibisha ofisi. Hata hapo sikumwambia.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwenyekiti na barua ile mkononi, nikamweleza yote. Akajibu kwamba ripoti imekwisha kusainiwa na haiwezi kuongezwa ukurasa. Karatasi hii ya sherehe haihitaji sahihi ya mtu, na nimeweka moja juu ya kila kiti cha washauri. Waheshimiwa, siku ile bwawa lilikuwa linaoshwa. Alhamisi yake lilikuwa limejaa, na wamama ishirini walikuwa ndani na vitenge vyao. Mtapiga kura Jumatatu saa nne. Saa mbili wamama wale watakuwa majini tena, na mimi nitawangojeni ninyi juu ya ngazi za bwawa.

Maman Cibalonza, asante kwa kazi ya miaka yote hii, na kwa watu waliorudi nyumbani kwa sababu yake. Msamaha ulioniomba, mimi ndiye niliyepaswa kukuomba. Nakuomba leo, mbele ya wote. Tunakuombea mwili wenye afya, usingizi mzuri na mavuno mema huko Luvungi. Na Jumatatu jioni, habari nitakayoweza kukuletea nikikutazama usoni.