Rangimarie Potaka: Miaka Ishirini na Tisa ya Kuuliza "Unakwenda Wapi?"

Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, Bi. Rangimarie Potaka atazima trekta lake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Bandari ya Waimoana kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Wageni humwita "yule mama wa trekta." Sisi wenzake tunamwita Shangazi Rangi, na hata meneja wetu, ambaye kwa umri amemzidi, humwita hivyo hivyo.

Shangazi aliajiriwa Novemba 1995 kushusha boti ndogo majini na kuzipandisha. Ukiieleza, kazi yenyewe ni fupi: unarudisha trela nyuma hadi majini, unasubiri wimbi lipite, unaiachia boti, unapanda tena mchangani. Kuifanya ni jambo jingine, maana bandari yetu iko wazi upande wa kusini na mawimbi ya huko hayana adabu. Katika miaka yote hiyo amezamisha trekta mara moja tu, na hata hiyo mara moja anashikilia kwamba kosa lilikuwa la trekta.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba yeye mwenyewe si mtu wa bahari. Samaki hali. Akipanda boti hutapika kabla haijatoka bandarini. Lakini boti za watu anazijua kama mama anavyowajua watoto wa jirani. Mwenyekiti wa klabu ya wavuvi hatasahau siku aliyoleta boti yake mpya, wageni wakiwa wamejipanga ufukweni na kamera zao. Shangazi akamuuliza, "Kizibo cha tundu la chini umeweka?" Akajibu, "Mama, nimeanza kuendesha boti wewe hujazaliwa." Dakika nne baadaye maji yalikuwa yamefika kwenye viti. Kizibo kilipatikana katika mfuko wa suruali yake. Shangazi aliivuta boti hadi juu, akasubiri maji yatoke yote, kisha akamwambia kwa upole, "Haya, mzee. Sasa tuizindue."

Yapo pia yasiyochekesha, na yeye mwenyewe ameniomba nisiyaruke.

Aprili 1998, asubuhi ya Jumanne, alimshusha fundi bomba mmoja aitwaye Lester Quaife, aliyekuwa peke yake. Lester alisema anakwenda kuzunguka kidogo, Shangazi akampungia mkono. Zamu yake ilipoisha saa nane mchana, akaenda nyumbani. Trela la Lester lilibaki pale Jumatano, likabaki Alhamisi, na kila aliyepita alidhani mwenyewe amepiga hema katika ghuba fulani. Tulipoanza kutafuta, hakuna aliyejua kama alielekea kaskazini au kusini. Lilipatikana tangi la mafuta tu. Dada yake alipokuja kulichukua trela, Shangazi alikuwa ameliosha. Alimwambia, "Mimi ndiye niliyemshusha. Sikumuuliza anakwenda wapi."

Tangu siku hiyo hakuna boti iliyoingia majini kabla mwenyewe hajajibu maswali matatu: unakwenda wapi, unarudi saa ngapi, nani anakungoja? Watu walichukia. Barua za malalamiko zilifika ofisini, na mimi wa chumba cha redio nikatumwa nikazungumze naye.

"Shangazi, wanasema unawahoji kama polisi."

"Waache walalamike," alisema, akipangusa kioo cha trekta. "Anayelalamika yuko nchi kavu."

Barua ya onyo alipewa. Aliisoma, akaikunja, akaenda kumuuliza aliyefuata kwenye foleni.

Januari 2011 walikuja Desmond na Valda Hurrell, mume na mke waliostaafu, na boti ndogo ya bati waliyoinunua ili waizunguke pwani yote ghuba kwa ghuba. Desmond alikuwa na haraka.

"Tunakwenda mbele huko," alisema.

"Mbele wapi? Hata Chile iko mbele."

Bwana akanuna. Valda ndiye aliyejibu: "Tunataka kuyaona mapango ya Te Rua. Saa nane tutakuwa tumerudi. Nyumbani hatungojwi na mtu, dada, ni sisi wawili tu."

"Basi nitawangoja mimi," Shangazi akasema.

"Mwambie na rangi ya soksi zangu," Desmond akamwambia mkewe.

Saa nane na nusu Shangazi aliingia chumba cha redio na buti zinazochuruzika maji. Trela la akina Hurrell lilikuwa tupu. Simu yao haikupatikana. Nilimwambia, na ninaandika haya nikijua kila mtu atayasoma, "Shangazi, ni likizo, jua zuri, wamelala mchangani. Tungoje mpaka saa kumi na moja."

"Maji yanajaa saa kumi," alisema. "Yale mapango yanajaa mpaka darini. Nipe hiyo redio." Hakungoja nimpe.

Boti ya uokoaji haikupoteza muda kubahatisha. Ilikwenda moja kwa moja Te Rua. Injini ya akina Hurrell ilikuwa imegonga mwamba ndani ya pango, na maji yalipopanda yakaibana boti juu kwenye paa. Wawili hao walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa jiwe, maji kiunoni. Mkono wa Valda ulikuwa umevunjika, na kuogelea hakujua. Walitolewa saa tisa na robo. Mimi nilikuwa nimesema saa kumi na moja. Saa hizo nimezihesabu mara nyingi sana tangu siku ile.

Valda alipelekwa hospitali na akapona. Kabla ya kumfuata, Desmond alikaa kwenye ngazi ya trekta, blanketi mabegani. Shangazi alimpa chai. Desmond akaipokea, akasema, "Za kijani." Shangazi hakuelewa. "Soksi," Desmond akasema, kisha akalia.

Gari lao lilipoondoka nilimkuta Shangazi nyuma ya trekta, amelishika gurudumu kwa mikono miwili. Aliniambia, "Hawa wamerudi." Jina la yule ambaye hakurudi hakulitaja, nami sikulitaja.

Mwezi uliofuata meneja alilichana onyo mbele yetu sote. Leo kuna daftari la safari kwenye mteremko wa kushushia boti, na kila anayeshuka majini huandika majibu ya maswali yale matatu. Bandari mbili jirani zimeiga.

Shangazi anahamia bara kwa dada yake, kwenye shamba la matofaa lililo mwendo wa saa tatu kutoka baharini. Anasema anataka kuamka asubuhi bila kuangalia upepo.

Shangazi Rangi, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa kutokutusikiliza tulipokosea. Mungu akujalie afya, usingizi mrefu na siku za raha.

Wasafiri wote mnatangaziwa kwamba Ijumaa hiyo, kuanzia saa nne hadi saa sita, hakuna boti itakayoshushwa Waimoana. Wenye haraka watatuwia radhi. Tutakuwa tumesimama ufukweni, bandari nzima, tukimuaga.