Lango la Ufukweni

Abiria aitwaye Una, aliyekaa nyuma ya wawili waliokuwa wakibishana, hakuhitaji kutega sikio. Basi lilipita kando ya ziwa, na bibi mmoja aitwaye Murdina alikuwa akimfokea jirani yake wa kiti, bwana mwenye buti mpya.

"Lakini bibi, hata mimi nimekulia hapa," bwana alijitetea. "Kila kiangazi tulikuja kuogelea."

"Kiangazi! Mgeni wa Julai naye anajiita mwenyeji! Mimi nilichota maji ya ziwa hili Januari, katikati ya baridi kali, vidole vikifa ganzi. Kaka yangu Torquil alizama pale pale ulipofunga lango kwa mnyororo. Miaka hamsini na miwili natupa maua pale. Leo nipite wapi, mgongoni kwako?"

"Shamba nimelinunua kihalali, bibi."

"Shamba umenunua. Marehemu wangu hukuuziwa!"

Bwana akageukia dirishani, ingawa kwa ukungu uliotanda nje hapakuwa na cha kutazama.

Basi likasimama, wakashuka wote wawili. Murdina akatangulia kuelekea majini bila kugeuka. Bwana akamfuata, mkono mfukoni, akitafuta funguo za lango au akizificha. Una hakujua, maana dereva alikwisha kuondoa gari.