Chumba cha Viazi na Kopo la Mama

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa majengo na masoko. Viongozi mlioongozana naye. Wauzaji wenzetu wa ghorofa ya juu. Na wewe mama yetu uliyekaa mwisho wa benchi:

Tunawasalimu nyote kwa heshima. Sisi mafundi wa vipimo vya joto, tunaofanya kazi chini ya jengo hili, tunakushukuru, mgeni rasmi, kwa kushuka mpaka hapa. Wageni wengi huishia juu. Ngazi ni mbovu na taa ni moja, kwa hiyo tunajua kwamba aliyefika huku amekusudia kufika.

KAZI YETU

Tunatengeneza makopo ya kupimia joto ndani ya friji. Kopo lenyewe ni lile la plastiki la kuwekea vidonge. Ndani yake tunaweka vihisio vitatu, yaani vidude vidogo kama punje za dengu vinavyohisi joto, pamoja na betri na vipuri vya simu ya zamani. Friji ikipata joto kupita kiasi, kopo linamtumia mwenye friji ujumbe kwenye simu yake.

Vihisio hivi ni vya bei ya chini, na kitu cha bei ya chini kina siku zake za kusema uongo. Ndiyo maana tunaweka vitatu. Kopo linaviuliza vyote, kisha linashika jibu la katikati. Kimoja kikiharibika, viwili vinakikana. Mitambo mikubwa inayofanya kazi hii ipo, lakini mwenye duka la dawa la mtaani hawezi kuinunua. Kopo letu halifiki bei ya jozi ya viatu vya shule.

TULIVYOANZA

Aliyeanzisha kazi hii ni mwenzetu tunayemwita Fundi Redio. Alikuwa akitengeneza redio na simu kwenye kibanda cha bati karibu na geti la soko hili, ila jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi peke yake. Mtu huyu akianza kuongea, hana kitufe cha kuzimia.

Mama yake anaugua sukari. Dawa yake ya sindano inatakiwa ikae kwenye baridi, na kwao hawana friji, hivyo chupa zilikaa kwenye friji ya soda ya jirani mwenye duka. Jirani ni mtu mwema, lakini alikuwa na tabia ya kuzima friji kila akifunga duka, ili umeme usimle. Mama alikuwa akifika asubuhi anaishika chupa kwa kiganja. Akiikuta imepoteza ubaridi wake anajua ni mambo ya yule bwana, anamsema, anaitupa, anakwenda kutafuta nyingine. Fundi Redio hakupenda mama yake apime dawa kwa kiganja. Akajifungia kibandani, wateja wa simu wakanung'unika mpaka wakachoka, naye akatoka na kopo la kwanza.

Siku alipoliwasha, watu wote wa getini walijazana kibandani kulitazama. Mbele kabisa alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye anayetukatia makopo hadi leo. Fundi Redio aliliweka kopo mezani kando ya kipimajoto cha kioo, kile cha zamani ambacho tunakiamini. Akainama juu yake, akaanza kueleza, na mkishamjua mnaelewa kwamba alieleza sana. Kopo likawa linasoma juu kuliko kioo. Akalirekebisha lishuke mpaka vyote viwili vikasema namba ileile. Watu wakapiga makofi. Kopo likapelekwa kwenye friji ya soda, na mama akafundishwa kwamba namba ikikaa kati ya mbili na nane, dawa ni nzima.

Namba ilikaa saba. Ikawa saba kila siku, mara chache sita. Mama akawa anaitazama, anachukua chupa yake, anachoma sindano, anaondoka. Kisha sukari ikapanda, ikapanda tena, mpaka akaanguka palepale mlangoni mwa duka na kulazwa. Hospitali wakamwambia mwanawe kwamba dawa iliharibiwa na joto. Fundi Redio akabisha, akasema kopo limesema saba. Muuguzi akamwuliza kopo gani.

Mama alipopata nguvu ya kukaa kitandani hakumgombeza. Alimwambia maneno ambayo tumeyaandika kwa chokaa juu ya mlango huu, mgeni rasmi, na unaweza kuyasoma ukiinua macho:

"Mwanangu, kabla hujaniletea kile kidude nilikuwa naishika chupa. Uliponiletea, nikaacha kuishika."

Fundi Redio alirudi kibandani akanyamaza. Hilo lilimtisha shemeji yake kuliko ugonjwa wenyewe, akaenda kukaa naye. Kopo, alilokuwa amelitoa kwenye friji ya soda, lilikuwa mezani kando ya kioo kama siku ile, ila sasa Fundi Redio alikuwa amejikunyata kwenye kona, mbali na meza. Shemeji akaona kopo linasoma chini ya kioo kwa nyuzi tatu nzima. Akamwita aje atazame. Fundi alipoinama tu, namba ikaanza kupanda.

"Shemeji, hebu toka nje kidogo," alisema. Fundi akatoka. Namba ikashuka. Akamwambia arudi. Ikapanda. Alimtoa na kumrudisha kama mtoto anayetumwa dukani na kila mara kusahau alichotumwa, mpaka akaridhika.

"Wewe shemeji ni jiko," akamwambia. "Siku ile hukupima joto la banda. Ulipima pumzi zetu."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kihisio ni chepesi, kinapata joto la mtu mara moja. Kioo ni kizito, kinachelewa. Tulipojazana, kopo lilitangulia kupanda, nasi tukalishusha tukidhani limekosea. Tulipotawanyika, likabaki limeshushwa. Kopo liliposema saba kwenye friji ya soda, kumbe ndani ni kumi.

CHUMBA HIKI

Ndipo tukatafuta mahali ambapo joto halitembei, tukakipata chumba hiki. Zamani kilikuwa ghala la viazi. Nusu yake imezama ardhini, kuta ni nene, hakina dirisha, na hakuna aliyekitaka kwa sababu ya harufu. Tulikifagia, tukakipaka chokaa, tukaweka meza moja na hakuna kiti.

Utaratibu wetu ni huu. Mtu mmoja anaingia, anaweka makopo mezani kando ya kioo, anatoka, anafunga mlango. Wote tunakaa kwenye benchi hili tukingoja, kiasi cha nguo nyepesi kukauka juani. Namba za makopo tunazisoma kwenye kidirisha cha namba, kama kile cha simu, kilichobandikwa nje ya mlango. Kioo tunakichungulia kwa tochi kupitia tundu. Vikitulia vyote, ndipo tunarekebisha. Fundi Redio haruhusiwi kuingia kazi ikiendelea. Marufuku hiyo alijipiga mwenyewe.

MAFANIKIO

Makopo yetu yamo kwenye maduka ya dawa ya mitaa hii, kwa daktari wa mifugo, na kwa akina mama wanaouza maziwa. Kila kopo linarudi hapa mara moja kwa mwaka kukaguliwa, maana vihisio huchakaa kama macho ya watu. Jirani mwenye duka la soda hazimi friji tena. Ujumbe unamfikia hata akiwa amelala, na anasema kelele za simu zinamkera kuliko bili.

CHANGAMOTO

Ofisi yako, mgeni rasmi, imetuandikia kwamba tuhame kabla mwezi haujaisha, ili chumba kiwe stoo ya viti na mahema ya mikutano. Hatuna ugomvi na viti. Tunajua vinanyeshewa huko vilipo, na ulichokalia ni kimojawapo.

Badala ya chumba tumepewa kontena la chuma lililoko getini. Limepakwa rangi vizuri na lina madirisha mawili. Tulikwenda kulijaribu ili tusionekane tunakataa kwa mdomo. Tuliweka kopo na kioo, tukafunga, tukangoja nje kama kawaida yetu. Havikutulia. Wingu likipita, kopo linashuka. Jua likitoka, kopo linapanda kabla kioo hakijaamka. Mwisho tukamwomba shemeji awe anaingia na kutoka bila kutuambia, nasi tulipe kontena mgongo na kutazama namba tu. Hatukuweza kujua wakati gani yumo na wakati gani hayumo.

Fundi Redio alizitazama namba zile, akasema ni heri arudie kutengeneza redio kuliko kurekebisha kopo humo. Hakuongeza neno. Wanaomfahamu wataelewa uzito wake.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengine, la ngazi na la taa. Tumeyafuta ili hili libaki peke yake. Tunaomba viti viende kwenye kontena, nasi tubaki hapa. Kiti kikipata joto kinabaki kiti.

Kabla hujatujibu, tunakuomba jambo dogo. Ndani ya chumba sasa hivi kuna kopo moja mezani, na tayari limetulia. Ni lile la kwanza, la mama, limeletwa kukaguliwa. Dawa yake ameizungushia kitambaa kibichi, iko mapajani, na tangu asubuhi ameishika kwa kiganja, maana bila kopo hataki kuiacha kwenye friji.

Ingia peke yako, mgeni rasmi. Funga mlango, simama mbali na meza, usiseme kitu. Sisi tutabaki hapa kwenye benchi pamoja na mama, tukitazama kidirisha. Namba itapanda kidogo. Huyo ni wewe. Ukitoka itashuka taratibu, hadi ilipokuwa kabla hujaingia. Mama akiiona imerudi pale pale, ataliamini kopo na kuiachia chupa.

Mungu akupe afya, wewe na watu wa nyumbani kwako, na kila mwenye dawa kwenye friji ya jirani aikute nzima asubuhi.

Ni sisi,
Mafundi Vipimo wa Chumba cha Viazi.