Mama Funguo na Kabati la Mitihani

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, karani wa Idara ya Masomo ya Kazi na Vyama vya Wafanyakazi atastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu. Chuoni anaitwa Mama Funguo. Kwangu ni Bibi, mzaa mama. Mkuu wa idara ameniomba niandike mimi kwa sababu wenzake wanaogopa: wote, yeye mkuu akiwemo, wamewahi kurudishiwa barua zao zikiwa zimejaa wino mwekundu.

Alianza kama mpiga chapa. Amechapa tasnifu kuhusu makuli, wafumaji na madereva, na husema shahada ya idara ameisoma yote, ila hakuandikishwa tu.

Wengi wanamkumbuka kwa mgomo wa wafanyakazi wa chuo. Naye aligoma, na funguo za kabati la mitihani ya mwisho alikuwa nazo yeye. Wanafunzi ishirini na wawili wasingefanya mtihani wiki ile, wangerudia mwaka. Mpishi mkuu, aliyeongoza mgomo, alimwambia akifungua atakuwa amewasaliti. Bibi akaziweka funguo mezani, mbele ya wagomaji wenzake.

“Mgomo ni wetu, mwaka ni wao,” alisema. “Pigeni kura. Mkikataa, sifungui.”

Akatoka nje. Walikubali kwa tofauti ya kura tatu. Mpishi, ambaye hakuficha kwamba alikataa, alimsindikiza hadi ofisini kuhakikisha hafanyi kazi nyingine yoyote. Simu ikalia. Bibi, kwa mazoea, akanyoosha mkono. Mpishi akakohoa. Wakaiacha ilie mpaka ikachoka. Bibi alimkabidhi mhadhiri bahasha, akafunga kabati, akarudi kuketi na wenzake langoni.

Mtihani ulipokwisha, wanafunzi hawakwenda kusherehekea. Walikuja kuketi nao juani, siku ile na zilizofuata, mpaka madai yakasikilizwa.

Mkuu wa idara wa sasa alikuwa mmoja wao. Anasema maswali ya mtihani ule ameyasahau yote. Anachokumbuka ni Bibi kwenye korido wakati wa kura, ameupa mlango mgongo, asije akaona nani wanamkatalia. Mpaka leo Bibi hajauliza.

Asante, Bibi. Sisi sote, wa chuoni na wa nyumbani, tunakutakia afya njema na asubuhi ndefu zisizo na haraka.