Ubao wa Upande wa Kushoto

Milioni sita na nusu. Nimesikia. Msinong'one hapo mlangoni kana kwamba maiti keshafunikwa shuka. Ugonjwa wangu umo kifuani, haumo masikioni, na masikio haya ndiyo yaliyowalisha nyote wawili tangu hamjui kufunga vifungo vya nguo zenu. Usi, umemuuzia Tahir mashua yangu kwa milioni sita na nusu, umepokea arbuni ya milioni moja, na kesho Alkhamis kijana wa watu anakuja na gari kuichukua akaishushe majini Fumba. Na wewe Bashira unamgombeza nduguyo, si kwa kuuza, ila kwa kuuza rahisi. Basi nyamazeni wanangu, mje mkae hapa, mmoja huku na mmoja huku, maana pumzi niliyonayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Mashua ile haiuzwi.

Usinijibu, Usi. Najua imekaa uani miaka kumi na tisa bila kugusa maji, najua dawa zangu zinataka pesa, na najua Tahir kaja na adabu zake, kanipa shikamoo hapo dirishani, nami nikaitikia marahaba nikidhani kaja kunitazama mgonjwa. Lakini nilisikia ulivyomwambia alipotaka kuigonga. Ulimwambia, "Chombo cha Mzee Msabah unakigonga cha nini? Aliyekuwa akiwagongea watu ndiye mwenyewe." Naye akacheka kwa haya, mkono uliokuwa ugonge akautia mfukoni, akatoa pesa. Hilo silikubali, kwa sababu mtu kununua chombo kwa jina langu, bila kukisikiliza, ndiko kulikomuua mtu mara ya kwanza.

Nipe maji, Bashira. Kidogo tu.

Mimi sikufundishwa kazi na mtu. Nilijifunza kwa kugonga na kukosea na kutukanwa. Mtu akitaka kununua dau au mashua iliyokwishatumika alinifuata Malindi, nami nikaondoka na kinyundo changu cha mti na msumari mrefu, nikagonga ubao mmoja mmoja kutoka omo, mbele, mpaka tezi, nyuma, nikikwaruza deheni, yale mafuta na chokaa wanayovipaka vyombo chini, kwani muuzaji mwenye kidonda cha kuficha hupaka deheni mpya. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Ubao uliobunguliwa na wadudu hujibu kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Chai ya muuzaji sikunywa, na nusu ya manahodha wa Funguni niligombana nao kwa kuwaambia mbele ya wateja wao kwamba chombo chao kibovu. Na nilikuwa na sharti langu, mji mzima ukilijua: sikagui kwa kupwa kwa maji mara moja. Mashua ikikaukiwa pwani hulala ubavu, na ubavu ilioulalia hauonekani. Basi nilikagua ule wa juu, tukangoja maji yajae, tukaigeuza, yakapwa tena nikakagua wa pili. Asiyetaka kungoja nilimwambia akatafute mwengine. Nikimaliza nilichora alama yangu kwa mkaa, duara moja mbele ya chombo, na hapo hapakuwa tena na maneno.

Jaku wa Kizimkazi mnamkumbuka. Alikuwa akikubebeni mabegani, mmoja kila bega, nanyi mkimvuta masikio. Alikuwa rafiki yangu kabla sijamuoa mama yenu, Mungu amrehemu. Mwaka ule mkewe, Mwanakheir, aliuza bangili zake zote za dhahabu ili Jaku apate mashua yake mwenyewe, aache kuvua kwenye vyombo vya watu, na Jaku akanijia mimi nikaikague. Tulifika pwani asubuhi, mashua imelala upande wa kushoto. Ubavu wa kulia niliugonga wote, mzima. Nikapiga magoti mchangani nikapenyeza mkono chini, upande ule wa kushoto, kadiri ulivyofika, nikagonga ubao wa pili kutoka mkukuni, ule mti wa chini unaobeba chombo. Ulijibu vibaya. Nilisikia. Wallahi nilisikia, na neno la kusema tungoje maji ya pili lilikuwa lishafika ulimini. Lakini Jaku akanitangulia. Alikuwa kasimama nyuma yangu na kundi la watu, na mtani alikuwa, akasema, "Msabah, masikio yashazeeka nini? Huo ubao mbona umekohoa?"

Watu wakacheka.

Mnanijua nikichekwa. Niliinuka na mchanga magotini nikamwambia, "Ubao mzima. Kama wajua wewe, mkaguzi umemwitia nini?" Nikachukua mkaa nikachora duara. Sikungoja maji ya pili. Angelinyamaza kidogo tu ningelisema mwenyewe, na kwa kuwa alisema yeye, nikakataa kusikia nilichokwishasikia. Jaku aliitazama ile alama, kicheko kikamwisha, akaniambia taratibu, "Ukishasema wewe, basi," akaenda kulipa.

Siku kumi na mbili, wanangu. Siku ya kumi na mbili mashua ilikutwa nje ya Chumbe imejaa maji, imelala ubavu uleule. Jaku hakukutwa, mpaka leo, wala hana kaburi ambalo mtu anaweza kulisomea. Na nani akaitwa aitazame mashua aseme kilichotokea? Mimi. Ubao ulikuwa umefunguka, ndani una matundu kama mkate wa kumimina, na mimi nikasimama mbele za watu nikasema, "Mwamba. Kapiga mwamba." Kakake Jaku, Abdulla, akasema pale ilipokutwa hapana mwamba, nikamwita mwongo, na tangu siku ile hatuamkiani. Ubao niliung'oa kwa mkono wangu kabla mtu hajainama kuutazama, nikautia guniani. Kisha nikaitengeneza mashua, nikatia ubao mpya wa mvule, na nikainunua kwa mjane kwa bei aliyoitaja, bila kupunguza hata shilingi. Watu wakasema Msabah mtu wa haki, kamstiri mke wa rafikiye. Nikaipokea sifa hiyo, nikakaa nayo.

Mnadhani lile banda la makuti nimeliezeka juu yake isioze. Nilitaka ioze. Niliezeka kwa sababu ya mvua. Masika ya kwanza matone yalikuwa yakiigonga ubao kwa ubao, na mimi nimelala chini ya dirisha hili nikisikiliza, maana masikio yalishazoea kazi, na katikati ya matone hayo ubao mmoja ukakohoa. Upande wa kushoto, wa pili kutoka mkukuni. Niliouweka mimi, mpya, mvule mtupu. Nikaezeka makuti. Ikawa kila mtu akigonga mlango, kabla sijasikia hodi yake, nasikia ule ubao. Na mashua ile, tangu niifikishe uani, sijaigonga hata kwa kidole. Usi, unamuuzia mtu chombo ambacho babako hajui kama ni kizima, kwa kuwa babako anaogopa kukiuliza.

Na Mwanakheir. Kila Ramadhani hututumia lile bakuli la tambi lenye maua mekundu. Mwaka huu alilileta mwenyewe, akakaa hapo ulipokaa wewe Bashira, akaniambia, "Shemegi, marehemu alikuwa akisema, Msabah akisema ubao mzima, mimi nalala usingizi ndani yake." Nami nikala tambi zake mbele yake, zote, kwa kuwa sikujua kitu chengine cha kufanya na mdomo.

Mwezi uliopita yule daktari kijana aliniwekea kidole mgongoni, akagonga juu yake kwa kidole cha mkono wa pili, akianzia begani akishuka. Juu kulijibu kavu. Chini, kushoto, kulikohoa. Nikamwambia kabla hajafungua mdomo kwamba ndani mna maji. Akastaajabu, akauliza nani kaniambia. Nilijua nani.

Sasa shikeni haya. Nyumba hii na vilivyomo gawaneni kwa sheria, na mmoja asimpunje mwenziwe. Dukani hapo mbele nadaiwa elfu kumi na nane za sukari na betri, zilipwe leo. Mikarafuu saba ya Kidichi haimo katika mirathi; ni ya Mwanakheir, na msiite zawadi, ni deni, na deni hutoka kabla ya urithi. Mwendeeni Abdulla mumwambie alisema kweli mbele za watu, na mumwambie hivyo mbele za watu. Gunia liko chini ya kitanda hiki. Bashira, kamwite Mwanakheir nimfungulie mimi mwenyewe. Akichelewa... nikichelewa mimi, utalifungua wewe, utamwekea mkono wake juu ya yale matundu, na utamwambia, Msabah alisikia. Neno hilo. Usilipambe. Akisamehe ni yeye, asiposamehe msimkasirikie.

Mashua ikatwe kwa msumeno kabla Tahir hajaja, na kuni zake zisipikiwe hitima yangu. Kinyundo changu mpeni Tahir. Mwambieni chombo atakachonunua akigonge mwenyewe, ubavu wa kwanza na wa pili, hata kama mwenye chombo ni imamu wa msikiti wake.

Hapana, sijachoka. Niinueni mgongo.

Radhi zangu mnazo. Mungu akupeni masikio, na akupeni ulimi wa kukiri mlichosikia, papo hapo, hata wakiwa watu wanacheka. Hasira zangu msizirithi... zizikeni na mimi.

Mnasikia? Huo mlango. Nani anagonga... Hakuna mtu. Haya.

Usi. Mbona unatazama chini. Umeitia wapi? Sitaki kujua umeitia wapi. Kauze hiyo simu, kauze pikipiki. Arbuni ya Tahir, milioni moja, naitaka hapa juu ya shuka hii, kabla ya adhana ya adhuhuri.