Papa Zéphirin Mwilambwe, Aliyetufundisha Kula Upya Tukiwa Watu Wazima

Tarehe 31 Machi 2026, Papa Zéphirin Mwilambwe, muuguzi wa jengo la upasuaji la hospitali yetu, anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na saba kasoro siku tatu. Aliingia hapa Jumatatu tarehe 3 Aprili 1989, kijana wa mtaa wa Kamalondo, mtoto wa fundi wa reli, amevaa suruali ya kaka yake iliyomfika juu ya kifundo. Tunamshukuru Mungu aliyemleta na akamtunza kati yetu.

Kazi ya kuandika maneno haya nimepewa mimi, Delphine, wa kufulia mashuka. Nilikataa. Masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa sekondari, nikasema heshima hii ni ya madaktari. Wakanijibu kwamba Papa mwenyewe ndiye aliyetaka niandike mimi. Sababu yake mtaielewa huko mbele, na ninawaomba mnivumilie.

Kwa miaka karibu thelathini Papa Zéphirin alifunga vidonda. Wagonjwa walimpenda kwa sababu alikuwa akiimba wimbo wa kanisa polepole anapotoa bandeji, na kipande kigumu cha bandeji alikitoa pale mgonjwa anaposahau maumivu na kuanza kuimba naye. Hakuna aliyemwona akikimbia. Hakuna pia aliyemwona akichelewa. Kilo zake ni hamsini na nane tangu siku ya harusi yake na Mama Estelle, na jambo hilo lilimletea masimango mengi mwaka 2018, pale daktari wetu mpasuaji aliporudi kutoka masomoni na kuanza operesheni ya kupunguza tumbo kwa watu ambao unene umewaletea ugonjwa wa sukari, presha na magoti yasiyopanda ngazi. Papa ndiye aliyechaguliwa kuwatayarisha na kuwafuata. Mama mmoja mnene kama mimi nilivyokuwa alimtazama toka kichwa hadi viatu, akamwambia mbele ya wote: "We Papa, umekonda hivi, utajua nini ya bunene?" Naye akajibu: "Mi sijue, mama. Njo maana nitakuuliza weye."

Na kweli aliuliza. Lakini swali lake la kwanza halikuwa juu ya kilo. Aliuliza: "Nani anapikaka kwenu?" Ukimjibu, alikwambia urudi na huyo mtu, na kabla hajamwona jina lako haliingii katika daftari lake. Wengine walikasirika. Mkubwa mmoja wa kampuni alirudi na mpishi wake, wote wawili wamevaa tai. Mimi nilisema ninajipikia mwenyewe. Akaniuliza nitakapokuwa nimelala kitandani na tumbo lililoshonwa, sufuria itasimamiwa na nani. Basi nikaenda kumleta mama mkwe wangu. Aliketi mbele ya Papa na mkoba wake magotini, akasikiliza yote, halafu akaulizia ugali wetu kwa huruma kabisa: "Sasa docteur, bakishamukata tumbo, bukari itakuwa naingia wapi?" Papa hakucheka. Alichukua kikombe kidogo cha kahawa, akakiweka mkononi mwake, akasema: "Hapa, mama. Kwa miezi ya kwanza, yote itaingia hapa." Mama mkwe wangu alikitazama kile kikombe kama mtu anayetazama jeneza la mtoto mchanga. Lakini tangu siku ile hakunipakulia tena sahani iliyojaa, na mashemeji waliposema ananinyima, aliwafukuza jikoni.

Ndugu wasomaji, wengine kati yenu mna mtu nyumbani anayefikiri juu ya operesheni hii. Acheni niwaandikie aliyotufundisha, maana zawadi yake kwetu ni hiyo. Alisema kazi inaanza miezi kabla ya kisu. Uache sigara. Uache soda, ile sucré yetu, na juisi, maana sukari ya kunywa haishibishi ila inaingia yote. Ujizoeze kutafuna hadi chakula kiwe uji mdomoni, na kunywa mbali na kula, nusu saa angalau. Utembee kila siku, hata kama ni kutoka mlangoni hadi kwa jirani. Wiki mbili za mwisho, chakula chepesi kama daktari atakavyoandika, ili ini lipungue na kumpa mpasuaji nafasi. Na alisisitiza kwamba kisu hakimfai kila mtu. Aliwarudisha wengi kwa daktari wa sukari, na wengine walipona bila kupasuliwa.

Baada ya operesheni ni vyakula vya majimaji kwanza, kisha vya kupondwa, kisha vilaini. Maji ni kidogo kidogo siku nzima. Usimeze kikombe kwa mara moja, usikae pia bila maji. Ukianza kula, yai, samaki au maharage vitangulie, sombe, majani ya muhogo, ifuate, bukari ije mwisho, tonge moja, na ikikosa nafasi uiache bila huzuni. Vitamini ni za maisha yote, kama vile mtu anavyooga. Vidonge vya maumivu vya kwenye meza za barabarani usiviguse kabla ya kuuliza, maana vingine vinatoboa lile tumbo dogo. Nywele zitaanguka mwezi wa tatu au wa nne, usilie, kwa kawaida zinarudi. Mwanamke asipate mimba kabla ya mwaka mmoja na nusu. Na kuna siku utaikumbuka sahani yako ya zamani kama ndugu aliyehama. Siku hiyo alitaka uje kuzungumza.

Tulikuja Alhamisi. Kila Alhamisi saa nane alitupangia viti sisi tuliopasuliwa, idadi yetu kamili, na kiti kikibaki kitupu alitoka yeye mwenyewe kumtafuta aliyekosa.

Sasa ninafika kwangu.

Nilipasuliwa Februari 2024, nikiwa na kilo mia moja thelathini na moja. Wenzangu wa mashuka walijua. Lakini kwa kikundi chetu cha maombi, huko mtaa wa Kenya ninakokaa, nilisema ninakwenda Likasi kwa shangazi. Niliona haya. Niliogopa waseme nimekosa imani, nimekwenda kukatwa badala ya kuomba. Nilipoanza kupungua, maneno mengine yakatembea sokoni, mnayajua, mtu akikonda kwetu wanamtafutia ugonjwa. Ndipo siku moja, mbele ya kikundi, nikasimama nikasema: "Mungu ametenda." Wakapiga vigelegele. Sikusema uongo, kwa maana Mungu ametenda kweli. Lakini nilinyamaza palipohitaji neno, na wao wakaelewa kwamba ni maombi peke yake. Nami nikawaacha waelewe hivyo.

Kikundi chetu kinaongozwa na Mama Mado, mwuza vitambaa, mwanamke wa sauti na wa moyo. Mwezi Julai alitangaza siku tatu za mfungo mkavu, bila chakula wala maji, kumshukuru Mungu kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Ningekataaje? Vitamini nilikuwa nimeziacha tangu wiki kadhaa, kwa hofu jirani asione vidonge akasema lake, na vyakula vingi nilikuwa navitapika bila kumwambia mtu. Siku ya kwanza niliimba. Siku ya pili nikaona taa mbili penye taa moja. Siku ya tatu, Alhamisi, miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi mpaka magotini, na nikawaambia ni Roho anayenigusa.

Saa tisa hivi, mfungo ukiwa umebakiza saa nne, Papa Zéphirin aliingia katika uwanja wa nyumba ya Mado, ameshuka kwenye pikipiki, koti bado mwilini. Aliwasalimu wote, akanitazama mara moja tu.

"Bamama, mubakie na Yesu. Minakuya kumuchukua Delphine."

"Papa, iko mu mfungo!" Mado akamwambia. "Acha amalizie, inabakia masaa ine tu."

"Hizo ine mutamufungia benyewe. Mungu anajua njia ya hospitali."

Nilijaribu kusimama, nikaanguka. Alinibeba pamoja na dereva wa pikipiki hadi barabarani, wakasimamisha gari. Hakusema neno juu ya operesheni yangu, ingawa lingemrahisishia mambo, kwa sababu Mado alimfuata akimgombeza hadi mlango wa gari kwamba anavunja kazi ya Mungu. Alivumilia matusi yale yote kwa ajili ya siri isiyo yake.

Hospitalini aliwaambia kwanza vitamini ya B1 iingie katika mshipa, sukari ifuate nyuma, kwa kuwa mtu wa namna yangu akipewa sukari peke yake kichwa chake chaweza kuharibika. Daktari alikubali. Ganzi ilichukua wiki sita kuondoka. Siku ya tatu, macho yalipokuwa yameanza kuona vizuri, Papa aliketi kando ya kitanda. Nilingoja anigombeze. Aliniuliza tu: "Delphine, ulikuwa unamushukuru Mungu, ao ulikuwa unamuficha?"

Nilirudia vitamini zangu na Alhamisi zangu, lakini kwa kikundi sikufungua kinywa. Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo. Na yeye, kila nilipomwambia kwamba najisikia vibaya, alisema siri ni yangu, hawezi kunifungulia.

Ambaye nilikuwa simwoni ni Mado. Mado ana mwili mnene na ugonjwa wa sukari. Baada ya ushuhuda wangu alianza kufunga mfungo mkavu kila mwezi, na siku hizo alikuwa anaacha dawa zake, akiomba apate nilichopata mimi. Alikuwa ananitazama kama ramani. Januari mwaka huu alianguka sokoni, katikati ya vitambaa vyake, wakamchukua hajitambui. Aliponea chupuchupu.

Nilikwenda nyumbani kwake alipotoka kitandani. Nilimweleza yote, Likasi ambayo haikuwepo, kisu, kikombe cha kahawa, vidonge nilivyovificha ndani ya kopo la maziwa. Mado aligeuka akatazama ukuta. Akasema: "Kumbe mi nilikuwa nafunga kwa ajili ya kisu ya docteur." Halafu akasema: "Toka." Nikatoka. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya kikundi, nikarudia maneno yale yale bila yeye, kwa sababu hakuja. Wengine walilia nami. Mmoja alinigeuzia mgongo. Watatu waliniuliza, mmoja mmoja, pembeni ya kanisa, jina la yule papa aliyekuja na pikipiki.

Alhamisi tarehe 26 Februari, mkutano ukiwa umekwisha anza, Mado alifungua mlango. Hakunisalimu. Alibaki amesimama, akamwambia Papa Zéphirin kwamba anataka kujua kama yeye pia atakatwa. Papa alimwambia hajui, na kwamba bado hakuna awezaye kujua; kwanza sukari itulie, kwanza dawa kila siku, mfungo ukija aongee na daktari na padri, na kuna namna nyingi za kufunga zisizoua. Huenda kisu kitamfaa, huenda hakitahitajika. Mado akauliza: "Na Mungu, atakasirika nikikunywa mayi?" Papa akamjazia kikombe. "Umuulize nyuma ya kukunywa." Alikunywa, kidogo kidogo, amesimama vile vile.

Papa Zéphirin anaondoka ameacha daftari la Alhamisi mikononi mwa muuguzi Sephora, aliyemfundisha kwa miaka minne, na ambaye anauliza maswali makali kuliko yeye. Anakwenda Naviundu kwa Mama Estelle, ambaye kwa miaka thelathini na saba ametuazima mume wake, na kwa sungura ambao anadai wanajua majina yao. Watoto na wajukuu wamemngoja. Uongozi, madaktari, wauguzi, watu wa jikoni, wa usafi na sisi wa mashuka tunamwambia asante, kwa mikono yake, na zaidi kwa kinywa chake kilichojua kunyamaza na kujua kuuliza.

Mado amesoma karatasi hii kabla yenu, kwa kuwa nilimwomba ruhusa ya kuandika jina lake. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Akasema: "Andika jina yangu. Na uandike kama bado nakukasirikia." Nimeandika. Kisha, akiwa amekwisha nirudishia karatasi, akaniuliza Alhamisi ninapitaga na njia gani, kwa sababu peke yake anaona aibu kuingia.

Kwa hiyo, Papa, Alhamisi ya kwanza usipokuwepo, tutafika wawili. Uende kwa amani, Mungu akujalie miaka mirefu, afya, na usingizi wa mchana ulioukosa tangu 1989.