Kamera Yenye Friji

Kijiwe cha kahawa cha Brigita kiko Karatu mjini, mkabala na gereji, na benchi lake ni ubao uliotolewa kwenye bodi la lori. Alasiri moja ya mwezi wa tano, mwaka 2008, Elisaria alifika pale mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika bahasha. Alikuwa dereva wa watalii, mtu wa Machame, na miaka ishirini ya kupanda na kushuka kreta ilikuwa imemmaliza mgongo. Daktari alishamwambia aache usukani. Tumaini lake lilikuwa moja tu: hoteli moja huko juu ilikubali kumpa kazi ya kuwaonyesha wageni nyota, alimradi alete picha za anga za kueleweka. Darubini alikuwa nayo, aliachiwa na mgeni wake wa zamani, mwalimu mstaafu. Sasa mzee yule ameandika kwamba ana kamera mbili, achague moja, na mtu wa kuileta anapanda ndege kesho. Jibu lilitakiwa siku hiyohiyo.

— Karibu, Darubini, alimtania Martini, fundi wa magari mstaafu, Mwiraqw aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake. Mbona umevimba kama una mtihani?

— Ninao kweli. Kamera zote mbili ni za kupozwa. Moja ya rangi, nyingine nyeusi na nyeupe.

— Za kupozwa? Clemensi, mwenye kibanda cha kuchajia simu, nusura apaliwe na kahawa. Kamera na friji wapi na wapi?

— Nyota ziko mbali, Clemensi. Kamera unaiacha wazi dakika kumi ikusanye mwanga. Kule ndani inapata joto, picha inajaa chenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Ikipozwa, chenga zinapungua.

— Kaka, hii ni Karatu! alisema Martini. Mimi nalala na blanketi mbili na koti. Wewe ipeleke ukingoni mwa kreta, ifunge kwenye keria ya gari. Asubuhi utaikuta inapiga chafya.

Benchi zima likacheka. Elisaria naye alicheka, ila mgongo ukamkumbusha asicheke sana.

— Mimi naona hivi, alisema Clemensi. Ikipoa mno, nyota nazo zitaganda. Unapiga leo, mwakani unazikuta palepale, kama nyama buchani.

— Umechemsha, Clemensi. Chukua nyeusi na nyeupe, alisema Martini. Anga nyeusi, nyota nyeupe. Rangi ya nini? Mpiga picha mmoja kule Mbulu alileta kamera ya rangi harusini, bibi harusi akatoka kijani. Familia ya mume ikaomba kikao!

Moyo wa Elisaria nao ulikuwa umeshaegemea hiyohiyo nyeusi na nyeupe. Mzee alimwandikia kwamba ina macho makali zaidi, na mabingwa ndiyo wanayoitumia. Alitaka naye, mara moja maishani, ashike kitu cha mabingwa.

— Hiyo nyeusi na nyeupe inatumikaje? aliuliza Brigita akimmiminia.

— Unaweka kioo chekundu, unapiga. Unaweka cha kijani, unapiga. Halafu cha bluu. Baadaye unaziunganisha kwenye kompyuta.

— Na ya rangi?

— Inachukua zote kwa mpigo.

— Haya. Kwa mwezi uko nyumbani siku ngapi bila safari, bila mbalamwezi, na bila ule ukungu wetu?

Elisaria alihesabu kwa vidole. Vidole vitatu vilitosha.

— Sasa kioo cha kijani utakiweka lini, baba? Ukungu utakusubiri?

Martini akapiga goti lake kwa furaha. Elisaria aliinamia kikombe. Ilimuuma kidogo, maana ilikuwa kweli.

Wakati huo basi la kutoka Loliondo lilikuwa limepata pancha pale gereji, na abiria mmoja, mama wa kijiji cha Arash aitwaye Nashilu, akaja kuomba kahawa. Aliiona picha ikichungulia kwenye bahasha, ile aliyoipiga mzee kwa kamera ya rangi: wingu jekundu, limefunguka kama ua.

— Hii ni nini, baba?

— Ni wingu la gesi, mama. Liko chini ya zile nyota tatu zilizopangana.

— Hizo nazijua, nimeziangalia tangu utoto nikiwa na ng'ombe. Hapo chini pana kama moshi, lakini ni mweupe. Alimtazama Elisaria usoni, bila utani. Huu wekundu uko kule juu kweli, au ni kamera inautia?

Clemensi akamtazama Martini. Martini akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akanyoosha kikombe. Brigita akainamisha birika, likatoa machicha ya kahawa matupu.

— Sijui, mama, alisema Elisaria.

— Basi ukijua uniambie. Ninapita hapa kila mwezi.

Basi likapiga honi, naye akaondoka. Elisaria aliinuka taratibu, akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha intaneti, akaandika kwa kidole kimoja: “Nimechagua ya rangi. Lakini kabla ya kamera, nitumie maelezo ya ule wekundu, yote unayoyajua. Nimeshapata mgeni wa kwanza.”